Hilux yenye 1KZ: wayaringi mpya, nichague konekta zipi?

Mtoa mada:
Wakuu, habari za humu. Nipo Mbeya mjini. Nina Hilux ya zamani iliyokuwa na injini ya 3L, nimeipa injini ya 1KZ-TE, diseli yenye taibo, iliyotoka kwenye Toyota Surf. Injini imekaa, gia zinaingia, kilichobaki ni wayaringi. Waliobomoa ile Surf walikata waya zote pale kwenye ukuta wa injini, ule unaotenga injini na kabini. Kwa hiyo nina kontroo boksi (kompyuta ya injini) na kipande chake cha waya, nina sensa na soketi zake kwenye injini, katikati ni mikia mitupu.

Kuunga kila mkia sitaki. Nataka kusuka wayaringi mpya, na pale ukutani niweke konekta za kuchomoa ili siku injini ikishuka tena asije mtu na plaizi. Gari inakwenda Chunya na Tukuyu, maana yake vumbi upande mmoja na mvua upande wa pili, wa Rungwe mnanielewa.

Nimetajiwa konekta za Deutsch DT, Weather Pack, Superseal, na hizi za Toyota za kuchomoa kwenye magari mabovu. Kila ninayemuuliza ana yake. Fundi mmoja kanishauri nilehemu zote nivike mpira, mambo ya konekta niachane nayo. Naomba wenye kujua mniongoze kabla hela haijatoka mfukoni.

Mafinga Mbao:
Kamwene wakuu. Hapa hakuna mjadala, DT. Angalia matrekta, skaveta, mashine za msituni huku kwetu, zote zina hizo. Zinalala kwenye tope na kuamka zinawaka. Nunua, funga, endelea na maisha.

Umeme wa Uyole:
Mtoa mada, majina yasubiri kidogo, kwanza tupunguze kazi.

Soketi za sensa huna cha kuchagua. Sensa ya joto la maji, ya presha ya taibo, zile za kwenye pampu, kila moja ilishaamua soketi yake kiwandani. Za kontroo boksi vilevile. Unachochagua wewe ni sehemu ya kuachanisha injini na bodi, ya gia boksi, na ya vitu vya nyongeza kama feni na taa za spoti. Basi. Na usiongeze konekta kwa kuwa zinapendeza macho. Waya moja ikipita kwenye konekta umeongeza sehemu mbili za kubana na moja ya kugusana. Wayaringi inafia hapo. Waya yenyewe huwa nzima.

Halafu chukua karatasi, gawanya waya zako mafungu mawili: za umeme mkubwa na za taarifa. Maradhi yao hayafanani.

Umeme mkubwa unauawa na joto. Chukua feni inayokula ampea 20, pini zake zimelegea kidogo tu, ukinzani umefika omu 0.05. Hapo umepoteza volti 1. Joto lake: 20 mara 20 mara 0.05, unapata wati 20. Pasi ndogo ya kulehemu ni wati 30. Umefungia kitu cha karibu na hicho ndani ya plastiki isiyozidi kidole gumba, kisha unashangaa soketi imegeuka kahawia upande mmoja.

Waya za sensa haziuawi na joto hilo, zenyewe zinauawa na unyevu na kutu. Sensa ya maji ya Toyota za wakati ule inasoma kama omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, inashuka mpaka omu 200 hadi 400 maji yakifika nyuzi 80. Kutu ikikuongezea omu 100 asubuhi injini ikiwa ya baridi, hakuna atakayejua. Injini ikishika moto, hizo 100 juu ya 300 ni nyingi sana, kontroo boksi inaamini maji bado ni vuguvugu na inapima mafuta kwa imani hiyo. Nimeona watu wanafungua nozeli zisizo na kosa lolote.

Kwa hiyo kwenye feni ulizia ampea za pini. Kwenye sensa ulizia sili (mpira wa kuzuia maji) na aina ya pini. Anayekwambia konekta fulani ni bora bila kukuuliza inapitisha nini na inakaa wapi, anakutajia timu yake ya mpira.

Kijana wa Iyunga:
Mkuu tupe basi hizo ampea.

Umeme wa Uyole:
Za vitabuni ni hivi. Deutsch DTM, pini ndogo, ampea 7.5. DT yenyewe 13. DTP 25. Superseal 1.5 ni 14. Weather Pack 20. Metri-Pack 280 ni 30, na hiyo 280 ni upana wa ulimi wa pini, milimita 2.8. Wajapani wao wanahesabu kwa inchi: wakisema 090 ni ulimi wa milimita 2.3, 250 ni milimita 6.3.

Ila namba ya kitabu ni ya pini moja, waya mnene, hewa ya kawaida. Wewe unajaza pini 12 kwenye plastiki moja karibu na injini inayopanda Kitonga na mzigo. Konekta ikijaa pini hivyo, mimi huchukua theluthi mbili ya namba na kulala usingizi. Feni ya ampea 20 siiweki kwenye DT hata kama mwenye duka ananiapia. Na alteneta, stata na plagi za kupasha hazihitaji konekta ya kuchomoa, zile ni za kichwa cha pete na nati.

Mama Spea:
Wanangu, mimi nauza spea Mwanjelwa, niseme la sokoni. DT za kuiga zimejaa. Ukiishika ile kabari ya rangi ya chungwa inaingia ovyo ovyo, sili yake ngumu, pini nyepesi kama karatasi. Mteja anaondoka amefurahi bei, baada ya masika anarudi ananinunia mimi. Na anayetaka orijino tunaagiza Gerezani, Dar, au mbali zaidi, unasubiri. Konekta za Toyota hapa Mbeya zipo leo, zipo kesho, na pini mpya za 090 zinauzwa kwa pakiti, dume na jike, na sili zake. Jamani kufunga kitu ambacho pini moja ikikatika huko Makongolosi huipati, mimi naona ni kujitafutia presha.

Mafinga Mbao:
Mama na wewe unatetea biashara sasa 😂. Konekta ya gari lililoanguka miaka kumi iliyopita naiwekaje kwenye gari ninayoipenda?

Mama Spea:
Natetea unachoweza kukipata. DT nauza pia.

Umeme wa Uyole:
Wote wawili mko sawa nusu. Kwenye gari bovu usichukue konekta na mkia wake ukaenda kuunga. Ukifanya hivyo umebeba pini iliyochoka, waya iliyokauka, na viungo viwili juu yake. Chukua plastiki tu. Inua kile kijilango cheupe cha kufungia, ingiza sindano nyembamba kwa mbele, kandamiza ulimi wa plastiki, pini inatoka kwa nyuma. Osha, kausha, weka pini mpya na sili mpya.

Plastiki yenyewe ipime: bonyeza kidole cha kufungia mara kadhaa. Kikitoa sauti ya kukatika au kikibaki kimelala, tupa. Plastiki iliyokaa jirani na ekzosi huwa imeiva kama biskuti. Tafuta zilizokaa mbele kwenye taa au ndani ya kabini.

Na kila pini jike, iwe mpya au kuukuu, ichomeke dume moja lililo peke yake na uvute taratibu. Mkono lazima uhisi kukamatwa. Likiteleza kama limepakwa mafuta, hiyo jike ilishapanuliwa na testa ya mtu. Mafundi tuache kuchokonoa soketi kwa mbele na ncha nene. Pima kwa nyuma, pembeni ya sili, kwa sindano.

Kijana wa Iyunga:
Swali la kulehemu halijajibiwa. Chuoni tunalehemu kila kitu na kinapitisha umeme vizuri.

Umeme wa Uyole:
Mezani hakitikisiki, kijana wangu. Risasi ya moto inanyonywa na nyuzi za shaba, inapanda chini ya ganda sehemu ambayo huioni. Inapoishia, waya inageuka kutoka laini kuwa kijiti mahali pamoja. Mtikisiko wa diseli unakunja hapo hapo, mpaka nyuzi zinakatika moja moja ndani ya ganda zima. Ukiivuta haitoki, ukiipima inasoma, ukiwasha gari inapotea. Kiungo cha namna hiyo kinakula siku nzima ya fundi.

Kubana kunakofanywa sawasawa kunagandamiza nyuzi na pini mpaka hewa haipiti katikati. Pini ya wazi ya Kijapani ina mabawa mawili. La mbele linakumbatia shaba, la nyuma linakumbatia ganda, au sili kama ni ya sili. Ukimaliza iangalie kwa karibu. Mbele ya bawa la shaba nyuzi zichungulie kidogo, isizidi milimita moja. Kati ya mabawa mawili uone shaba na ganda vyote. Mabawa ya mbele yawe yamejikunja kwa ndani kama herufi B. Na ukingo wa nyuma wa bawa la shaba uwe umefunguka kidogo kama mdomo wa tarumbeta, usikate nyuzi. Ukiona bawa limelala upande, au ganda limeingia chini ya bawa la shaba, kata uanze upya, pini moja ni hela ndogo.

Plaizi ya kawaida haitoi umbo hilo. Wala koleo la vile vichwa vyekundu na bluu vya plastiki. Nunua koleo la meno ya B lenye ngazi, lile lisiloachia mpaka ufike mwisho. Kama hela inatosha kitu kimoja kati ya konekta za bei mbaya na koleo zuri, mimi nachukua koleo na konekta za Mama Spea.

Mtoa mada:
Hapo nimeelewa. Nitajuaje kama nimebana sawa bila mashine?

Umeme wa Uyole:
Bana waya za majaribio, uzivute. Kiwango cha IEC 60352-2 kinataka waya ya milimita za mraba 0.5 ihimili nyutoni 60, ya 1.0 ihimili 108, ya 1.5 ihimili 150. Kwa lugha ya nyumbani, ile ya 1.0 ning'iniza ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Ya 0.5 tia maji lita 6. Isipochomoka, mkono na koleo vimeelewana. Hizo za majaribio tupa, usizirudishe kwenye gari.

Mafinga Mbao:
Sasa mkuu kwenye DT hayo mabawa hayapo, ile pini ni kijiti cha mviringo.

Umeme wa Uyole:
Kweli, DT zipo za aina mbili. Ile ya mviringo inataka koleo lake la kupiga nukta nne, na koleo hilo ni ghali kuliko konekta zote za gari moja. Menya ganda milimita 6.4 hadi 7.9, na ukishabana uone shaba kwenye kile kitundu cha ubavuni. Hakionekani kitu? Waya haijafika. Nyingine ni ya bati lililokunjwa, hiyo inakubali koleo la mabawa. Mtoa mada kama hana wa kumwazima koleo la nukta nne, achukue za bati.

Kuna mtego mwingine wa DT ambao haujasemwa humu. Sili ya kawaida ya DT imetengenezwa kwa waya yenye unene wa nje, pamoja na ganda, wa milimita 2.24 hadi 3.68. Waya za Kijapani za ganda jembamba, zile zimeandikwa AVSS, ya 0.5 ina kama milimita 1.6 tu, na ya 1.25 ni kama 2.1. Inaingia, pini inalia tik, kabari inafunga, unapiga picha unaweka kwenye kundi. Maji ya Tukuyu yanapita pembeni ya waya kama yamealikwa. Ukitaka DT na waya hizo tafuta zenye sili ya waya nyembamba, herufi E, inaanzia kama milimita 1.35. Matundu yasiyo na waya yazibwe kwa vizibo vyake. Silikoni ya bomba haihusiki hapo.

Kijana wa Iyunga:
Kwa nini maji yaingie kama konekta ipo juu, haijazama?

Umeme wa Uyole:
Konekta ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na nyingine inatoka. Unafika mtoni au kwa vijana wa kuosha na presha, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, inavuta kilicho karibu. Ndiyo maana alama ya IP67 kwenye konekta haikuhakikishii usalama mbele ya mashine ya presha, IP67 ni kuzamishwa tu kwenye maji yaliyotulia. Presha na maji ya moto ni namba nyingine, 69K. Waambie vijana wasielekeze mdomo wa mashine kwenye soketi, hata ungekuwa na konekta za ndege.

Dereva wa Tunduma:
Nafuatilia kimya ila niulize la kijinga. Hii konekta ya ukutani ni ya nini? Kwenye Surf yenyewe Toyota hawakuweka konekta ukutani. Waya za injini zinapita kwenye mpira mkubwa, zinaingia ndani, soketi zote zipo nyuma ya kisanduku cha dashibodi, pakavu.

Umeme wa Uyole:
Ndugu yangu, hilo halina ujinga wowote, na ndilo jibu la uzi huu.

Mtoa mada, fikiria hivyo. Piga wayaringi ya injini iwe kipande kimoja kutoka kwenye sensa mpaka ndani ya kabini, ipite kwenye tundu lenye mpira wake wa Toyota. Konekta za kuachanisha ziwe ndani. Pakavu, hapana vumbi, joto ni la binadamu. Hapo konekta za Kijapani zisizo na sili zinatosha kabisa, na unazipata hapo Mwanjelwa. Siku injini inashuka unachomoa ndani na kuvuta waya zote kwenda mbele pamoja na mpira. Hakikisha tu tundu linapitisha soketi kubwa kuliko zote.

Konekta za sili zinabaki kwa vitu ambavyo haviwezi kukaa pakavu: feni, spoti, gia boksi, na waya za taa za nyuma zinazopita kwenye chasisi. Badala ya kununua DT za pini 12 za ukutani, hela inaishia kwenye nne tano ndogo, orijino.

Mafinga Mbao:
Nakubali kwa shingo upande. Ila kwenye chasisi sibadilishi, DT.

Umeme wa Uyole:
Kwenye chasisi tupo pamoja.

Mtoa mada:
Wakuu mmeniokolea hela. Nimekaa na karatasi, nimekuja na hivi:

Injini mpaka ndani ni kipande kimoja, tundu lile la zamani nalipanua kidogo nifunge mpira wa Surf. Ndani naweka 090 mbili, moja ya pini 14 na moja ya pini 10, plastiki za kabini pini mpya. Feni naipa DTP ya pini mbili na rilei yake na fyuzi. Gia boksi Superseal. Chasisi DT ya pini 6. Waya AVS, za ganda nene kuliko AVSS, huku nje ili sili zikamate. Waya za umeme wa kontroo boksi napitisha humo humo kwenye ile ya pini 14.

Kwenye feni, upande unaotoka kwenye rilei nimepanga dume, upande wa feni jike. Na ile sensa ya mzunguko wa injini waya yake ina wavu wa shaba nje, wavu nimepanga kuufunga bodi huku na huku.

Umeme wa Uyole:
Mpango mzuri, mawili rekebisha.

Feni igeuze. Upande wenye umeme ndio uwe jike, maana chuma chake kimejificha ndani ya plastiki. Ukichomoa konekta na fyuzi ikiwa nzima, dume lenye volti 12 likigusa bati la boneti unaona cheche. Kwenye DTP ujue kipande cha plagi ndicho chenye jike na kile kinachopokea ndicho chenye dume, agiza kwa kuangalia hilo.

Wavu wa sensa ufunge upande mmoja tu, upande wa kontroo boksi, na kwenye konekta uupe pini yake peke yake. Ukiufunga bodi pande mbili unageuka njia ya umeme wa ethi na kelele zote za alteneta zinasafiri humo.

Umeme wa kontroo boksi kupita kwenye pini 14 sina ugomvi nao, ila mpe waya mbili za ethi badala ya moja, na zifungwe kwenye injini sehemu moja, pasugue mpaka chuma kiwe cheupe.

Kijana wa Iyunga:
Na zile waya zikitoka kwenye injini zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye tundu la ukutani, ili maji yadondokee pale kwenye tumbo yasifuate waya kuingia ndani. Hilo tulifundishwa 😀

Umeme wa Uyole:
Safi kabisa.

Mtoa mada:
Ndaga fijo wakuu. Mama Spea, hiyo plastiki ya pini 14 ipo? Nakuja kesho na ya kwangu ya mfano.

Mama Spea:
Ipo, mbili, moja kidole chake kimekatika hiyo sikuuzii. Njoo na waya unayotumia pia nikupimie pini, za 090 zipo za waya nyembamba na nene, watu wananunua wanarudi kubadilisha kila siku.